Meza Isiyo na Chapa

Tarehe 3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na shangazi hajakuchosha kwa maneno. Sisi huku hatujambo sote, isipokuwa Kifungo, ambaye meno yake mawili ya mbele yameng'oka kwa siku moja na sasa kila neno analitoa na mluzi. Dada yake Maswali ndiyo hivyo, hapumziki. Jana kaniuliza kwa nini babu anaandikiwa barua wakati watu wote wana simu. Nikamwambia masikio ya babu yamechoshwa na mashine za mbao miaka arobaini, simu anaisikia kama nzi ndani ya chupa. Akauliza nzi aliingiaje.

Baba, nina habari njema. Tumehamia nyumba yetu wenyewe! Ni ndogo, lakini ina chumba cha kulia. Ndiyo, chumba kizima, kazi yake ni watu kula tu. Hata mimi nikikipita nacheka. Kina dirisha kubwa linalotazama barazani, na mwanga wa asubuhi unafika mpaka ukutani. Cherehani yangu nimeiweka chumba cha nyuma, nashona sare za shule mbili mpaka mgongo unaomba radhi. Tatizo ni kwamba chumba chenyewe ni kitupu. Tunakula sahani ziko mapajani.

Baba Maswali alileta picha ya meza ya kioo kutoka dukani. Nikamwambia kwa watoto hawa kioo hakimalizi wiki. Mimi nataka meza ya mbao, na nataka uitengeneze wewe. Nimesikia kile kiwanda cha pamba karibu na karakana yako kinabomolewa, na boriti zake ni za miti ya kwetu, ile mizee, ambayo leo huipati hata ukilia. Nataka ya watu sita.

Najua hapo umekunja uso. Yale ya meza ile sijayasahau. Miaka sita sasa, baba. Ulikuja kwetu, ukaegemea ile meza yetu ya unga wa mbao uliogandishwa, mguu ukavunjika, bakuli zima la mchuzi likakumwagikia kwenye suruali mpya, na mume wangu akacheka. Nimekwambia mara ngapi kwamba kile kilikuwa kicheko cha woga? Yule hata msibani anaweza kucheka akishikwa na hofu. Lakini wewe ulisimama mbele ya wageni wote ukasema, "Kwenye meza ya bwana huyu sitakula tena." Ukaondoka na njaa yako. Tangu siku hiyo hujatia mguu kwangu. Mimi na watoto ndio tunaokuja kwako, na yeye hubaki nyumbani akisingizia kazi.

Sikuombi uvunje neno lako, maana najua hulivunji. Naomba meza tu. Lakini sitakuficha: kitu ninachokitamani kuliko vyote ni kukuona umekaa kwangu, unakula nilichopika.

Mwanao

*

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti linajua lenyewe. Shangazi yako anakusalimu, amesoma barua yako kabla yangu, akalia, akacheka, kisha akaanza kunisema kana kwamba niliandika mimi.

Hongera kwa nyumba. Chumba cha kula tu! Mimi nililelewa kwenye chumba tulichokula, tukalala, na kuku wakataga humo humo. Haya, dunia imekwenda mbele.

Meza nitaitengeneza. Nakutengenezea kama mteja mwingine yeyote, na mumeo, huyo Bwana Faili wa ofisini, asije akadhani nimelainika. Neno langu liko pale pale nilipoliacha. Mtu akimcheka mzee aliyelowa mchuzi mpaka sokisi, basi.

Tuache hayo, tuzungumze mbao. Nilikwenda kiwandani jana. Wale jamaa wanabomoa kama wana ugomvi na jengo, nikawapigia kelele mpaka wakashusha boriti pole pole. Nimekuchagulia aina tatu, na vipande vimo ndani ya bahasha. Kile cha rangi ya asali ni mvule, kinatoka kwenye boriti za dari. Chekundu ni mninga, ulikuwa mlango wa ghala. Hicho kizito, kinachokaribia kupasua bahasha, ni mkongo, ulibeba mashine. Usitazame rangi tu. Kinuse, kigonge na kucha, kilaze shavuni. Ubao utakaa nao maisha, sharti mpatane.

Halafu nijibu. Unataka pembe au duara? Matundu ya misumari ya zamani niyazibe au niyaache? Unataka ing'ae au ionekane mbao? Na unipe vipimo vya maana, si "kubwa kiasi" kama mteja wangu mmoja aliyenyoosha mikono akaniambia "hivi", akaondoka nayo mikono yake.

Utaratibu wangu unaujua, lakini nakukumbusha. Kazi ni yangu mpaka niipige chapa. Ule muhuri wa chuma nilioachiwa na fundi aliyenifundisha, nikiuchoma chini ya meza, basi meza imekuwa ya mwenyewe, hata akiitumia kukatia nyama sina la kusema. Kabla ya chapa ni yangu, popote ilipo. Nadhani unalikumbuka lile kabati la mwalimu mkuu. Nililipeleka kwake halijapigwa chapa kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka, siku ya tatu nikakuta kafungia kuku ndani. Nililibeba mgongoni nikarudi nalo, na mji mzima ukasema nina haki.

Baba yako

*

Tarehe 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo wewe na goti? Sisi wazima. Shangazi mwambie aache kufungua barua zangu, na pia mwambie namkumbuka sana.

Vipande vyako vimeleta sherehe. Tulivipanga kwenye kigoda tukavizunguka wote wanne. Kifungo alitaka mninga kwa sababu ni mwekundu. Maswali aliuliza mti unajuaje kwamba umekuwa mlango. Mimi nililaza kila kimoja shavuni kama ulivyoniagiza, na jirani aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe akanikuta katika hali hiyo, akaniuliza kama jino linauma.

Aliyenishangaza ni Baba Maswali. Yeye alichukua cha mvule, akakinusa, akakigeuza, akakitia mfukoni mwa shati. Siku tatu amekwenda nacho kazini. Ule mfuko wa kalamu sasa una kalamu mbili na kipande cha boriti. Nikamwuliza, akasema kinanukia. Basi na iwe mvule.

Pembe, si duara. Matundu ya misumari yaache. Mimi kila siku naficha mishono, na angalau kitu kimoja nyumbani kwangu kionyeshe kilikotoka. Na kising'ae. Nikitaka kujitazama nina kioo.

Vipimo hivi hapa, nimevichukua mwenyewe kwa utepe wangu: urefu futi saba na inchi mbili, upana futi tatu na nusu. Kimo nakuachia wewe.

Ni ya watu sita, kama nilivyosema. Sisi wanne, shangazi akija kututembelea, na mtu mmoja zaidi.

Mwanao

*

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu hii meza yako imenikalia kooni. Mimi mzima, shangazi yako anapiga chafya. Vumbi la mvule linamwingia puani, anapiga chafya kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, na kila chafya ananitazama mimi.

Sikiliza habari za boriti yako. Nimeng'oa misumari arobaini na mitatu. Imefuliwa kwa mkono, mipana kama kidole changu. Nilipodhani nimemaliza, msumeno ukalia krrr! Meno sita yakaenda. Nikachimba na patasi, nikakuta jiwe. Jiwe kweli, ndani ya ubao! Mvule una tabia hiyo, unaficha jiwe tumboni miaka na miaka, unakusubiri. Nimelitoa, namwekea Maswali. Atuulize limeingiaje, na safari hii hata mimi sina jibu.

Lakini baada ya hapo, mwanangu, nilipopitisha randa mara ya kwanza, ilitoka rangi ambayo sijaiona tangu nikiwa kijana. Nilimwita shangazi yako aje aone. Alikuja, akaangalia, akapiga chafya, akasema ni nzuri. Huyo hasifu kitu ovyo.

Sasa nina maneno mawili. La kwanza, futi saba na inchi mbili kwa watu sita? Hao watu wanakula wamelala? Lakini nikasema mteja ndiye anayekijua chumba chake, mimi nani. Tena mbao zenyewe baada ya kuzisafisha zimetoka futi nane kamili, na mshipa wake unakwenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilishika msumeno mara tatu nizikate zifike kipimo chako, mara tatu nikauweka chini. Mkono umekataa. Basi utaipokea futi nane. Kizuri kikizidi kidogo hakuna aliyekufa.

La pili. Sisi wanne, na shangazi. Hao ni watano. Huyo wa sita ni nani? Fundi anatakiwa kujua, kwa sababu ya viti. Mtu mnene ana kiti chake na mtu mwembamba ana chake.

Lori litakuja kwenu tarehe tatu mwezi ujao. Dereva ni mtu wa kelele, lakini anafunga kamba vizuri. Miguu nimeipiga vigingi vya mti na gundi, haitoki hata ije tetemeko. Hiyo haivunjiki mtu akiiegemea.

Baba yako

*

Tarehe 5 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima wa afya, ila aibu tunayo ya kutosha.

Meza imefika. Nianze na hilo kabla sijaanza kulalamika. Dereva alipovuta turubai, baba, nilishika mdomo. Nilipitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikagusa yale matundu ya misumari moja moja, nikalia hapo hapo barabarani mbele ya watu. Dereva akadhani imepata mkwaruzo, akaanza kujitetea.

Sasa sikia. Haiingii.

Mlango inapita, ukiilaza ubavu. Lakini ukishaingia kuna kijia chembamba, halafu kona, na kwenye kona ndipo ilipogoma. Tuliijaribu kwa kichwa, kwa miguu, kwa kuisimamisha. Majirani walikuja saba, kila mmoja na amri yake. "Vuta!" "Sukuma!" "Inua kidogo!" Dereva akakwama upande wa ndani, tukampitishia maji ya kunywa chini ya meza. Mwisho tukairudisha barazani.

Na nimejua kosa ni langu. Usicheke. Wakati napima, nilipima futi sita, kama inavyostahili. Lakini mkono wangu, baba, miaka yote hii unashona sare za watoto. Nikipima kitu chochote, naacha akiba ya mshono, inchi nne huku na inchi nne kule. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza inchi sita za kukua. Nimeipimia meza nafasi ya kukua! Niliandika bila hata kufikiri. Nimeligundua juzi, nilipokuwa nampima mtoto wa jirani, nikasikia mdomo wangu ukisema "na sita za kukua." Nikaacha utepe, nikakaa chini.

Kwa hiyo sasa tunakula barazani. Kila anayepita anatukaribia, anasifu meza, anakaribishwa. Tangu jana tumelisha watu kumi na mmoja. Mvua zimeanza kunyemelea, na Baba Maswali ameifunika kwa shuka zetu zote mbili nzuri. Dereva alitushauri tuikate inchi chache. Baba Maswali, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimwambia atoke kwenye uwanja wetu.

Kuna jambo jingine, na hili limeniuma kweli. Niliingia chini na tochi kutafuta chapa yako. Hakuna. Nilitafuta kila pembe, na Baba Maswali naye akaingia akatafuta, tukagongana vichwa. Baba, hii ndiyo meza nzuri kuliko zote ulizowahi kutengeneza. Mbona umeinyima chapa? Kama ni kwa sababu iko kwa mume wangu, niambie tu.

Huyo wa sita unamjua. Ni mwembamba, goti lake bovu, na kichwa chake kigumu.

Mwanao

*

Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka shangazi yako akaja mbio akidhani nimepaliwa. Nafasi ya kukua! Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, nimetengeneza vitanda, milango, hata jukwaa la shule, sijawahi kusikia meza imeachiwa nafasi ya kukua. Nimewasimulia mafundi wote hapa. Sasa mtu akikosea kipimo wanamwambia ameacha akiba ya mshono.

Lakini kosa si lako peke yako. Ungeipata ya saba na inchi mbili, pengine kona ingekubali. Zile inchi kumi za juu ni zangu, mimi na mkono wangu uliokataa kukata. Nusu kwa nusu.

Sasa nisikilize vizuri. Asiiguse mtu kwa msumeno. Huyo dereva nitaonana naye. Umesema kile chumba kina dirisha kubwa linalotazama barazani. Meza iko barazani. Basi umeshapata jibu, ni kuling'oa dirisha na nondo zake, meza ipite, dirisha lirudi. Ni kazi ya siku moja kwa mtu anayejua, na ya kubomoa ukuta kwa mtu asiyejua. Simwamini yeyote huko. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe ishirini na tano.

Nakuja kufanya kazi, tuelewane. Chakula changu shangazi atanifungia. Msinipangie mambo.

La chapa tuliache kwanza. Sikuisahau, na siionei aibu hiyo meza. Hayo yanakutosha kwa sasa.

Mwambie Bwana Faili kwamba zile shuka ni sawa, ila asizifunge kwa kamba ya nailoni, itaacha alama. Na mwambie amefanya vizuri kumfukuza dereva.

Baba yako

*

Tarehe 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Goti halikuvimba na basi? Huku wazima, ila tumepigwa na butwaa tangu ulipoondoka Jumapili, na nyumba nzima inazungumza kwa kunong'ona, kana kwamba tukisema kwa sauti yatafutika.

Acha niyapitie yote, maana bado siamini. Ulifika asubuhi na mfuko wako wa zana na mkate na mayai ya shangazi. Ukamsalimia mume wangu kwa kichwa tu. Akacheka. Nikajua sasa utafungasha zana zako. Lakini ulimtazama kidogo, ukaona jasho linavyomtoka, ukasema, "Kumbe kweli unacheka ukiogopa." Akasema, "Ndiyo baba." Akacheka tena, maskini.

Kisha mkaanza kazi. Kila skrubu uliyoifungua alikuwa anaipokea, anaitia kwenye bahasha ya ofisini, anaandika juu: "Juu kushoto, ya kwanza." "Juu kushoto, ya pili." Bahasha ishirini na mbili, amezipanga sakafuni kwa mstari. Nilisimama mlangoni nikingoja umchambue. Ukashika bahasha moja, ukaisoma, ukairudisha pale pale ilipokuwa. Ukasema, "Huyu angefaa karakana." Baba, unajua amelirudia neno hilo mara ngapi kwangu wiki hii? Nimeacha kuhesabu.

Meza ikapita dirishani kwa urahisi, nondo zikarudi, hata rangi haikubanduka. Nikapakua. Kwa kuwa sikutaka kukutia majaribuni, chakula chako nilikiweka barazani, juu ya kigoda, pamoja na mkate wako na mayai yako. Tulikuwa tumeshakaa, sisi wanne. Ukaingia umebeba sahani yako. Ukavuta kiti cha kichwani mwa meza. Ukakaa. Ukasema, "Mnasubiri nini? Wali unapoa."

Mume wangu akacheka kwa hofu, na wewe ukacheka naye! Ukala, ukaongeza, ukamwambia Kifungo asipige meza na kijiko, ukaegemea viwiko vyote viwili. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani. Nililia kidogo huko, kwa furaha, nikarudi. Hata Maswali hakuuliza kitu.

Sasa umeondoka, na nina wasiwasi. Najua neno lako lina uzito gani kwako. Sijawahi kukuona unalirudisha hata moja, na wewe ni mtu uliyembeba mgongoni kabati la mwalimu mkuu ukarudi nalo. Umelivunja kwa ajili yangu? Kama ndivyo, nashukuru, na pia inaniuma, kwa sababu sikutaka ushinde huko ukijilaumu.

Na kuna hili. Nimeingia tena chini ya meza. Hakuna chapa! Maswali aliona ule muhuri wa chuma ndani ya mfuko wako. Ulikuja nao, ukaondoka nao. Tafadhali baba, niambie.

Mwanao

*

Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Goti lilivimba, likashuka. Shangazi yako amenikasirikia kwa sababu nimerudi na mayai yake, yote manne.

Unaniuliza kama nimelivunja neno langu. Sijavunja hata herufi. Hebu kumbuka nilivyosema siku ile, mbele ya wageni: "Kwenye meza ya bwana huyu sitakula tena." Sijala. Mimi nimekula kwenye meza yangu.

Haina chapa, umeitafuta mwenyewe mara mbili. Basi ni yangu, popote ilipo. Iko kwenu, lakini ni yangu. Kwa hiyo Jumamosi ile si mimi niliyekula kwa mumeo. Ni yeye aliyekula kwangu, na nadhani nilimkaribisha vizuri tu.

Sasa nikwambie lililo ndani, kwa kuwa kwenye barua huwezi kunikatiza. Neno lile nililitoa nikiwa na hasira na suruali imelowa. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshalijuta. Lakini nilishalisema mbele ya watu, na mimi nimejijengea jina katika mji huu la mtu asiyerudi nyuma, na jina hilo likanifungia mlango. Miaka sita, mwanangu. Watoto wako wamekua nyumbani kwenu nisione. Kila mlipokuja bila yeye, nilitamani kuuliza habari zake, nikameza. Barua yako ya Machi ilipofika nilikwenda kiwandani siku iyo hiyo, nikaigonga ile boriti, nikasema moyoni: hapa nimepata pa kupitia. Meza nitaitengeneza, na chapa sitaipiga.

Huyo wa sita nilimjua tangu barua yako ya kwanza. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka uniandikie.

Muhuri nimeuning'iniza kwenye msumari mmoja wa boriti yako, ukutani karakana. Utakaa hapo. Mwambie mumeo asinione mchoyo. Nikiipiga chapa siku yoyote, meza itakuwa yake, na mimi nitalazimika kurudi kwenye mkate na mayai.

Akikuuliza kama nimemsamehe, mwambie mtu huwa hamkaribishi adui mezani kwake.

Baba yako

*

Tarehe 17 Juni

Baba mwenye meza,

Shikamoo. Sisi wazima, na goti tunaliombea, kwa sababu litakuwa na safari nyingi.

Barua yako niliisoma kwa sauti tukiwa tumekaa kula. Nilipofika pale pa "ni yeye aliyekula kwangu", Baba Maswali aliweka kijiko chini. Akasimama. Akarudisha kiti nyuma. Nikadhani ameudhika. Akasema, "Tangu mwezi uliopita tunakula mezani kwa mtu na hakuna aliyeomba ruhusa." Akaenda kutafuta karatasi. Chakula kikapoa, tukamngoja.

Ombi lenyewe nimeliweka ndani ya bahasha hii. Nakala yake ameshaitia kwenye faili. Linasema: "Sisi wanne tulioandika majina yetu hapa chini tunaomba kwa heshima kuendelea kula mezani kwako, kwa sharti kwamba mwenye meza atakuja kuikagua kila mwezi, saa ya chakula." Hapo chini ni sahihi yake, yangu, na ya Maswali, ambaye ameweka alama ya kuuliza mbele ya jina lake. Hilo doa la mchuzi ni Kifungo.

Jibu usilitie posta. Njoo nalo.

Mwanao